Slemu Usiyoitaja

Nilikulia Unguja, na karata nilizozijua tangu utotoni ni za wahedi wasitini, barazani, baada ya alasiri. Mchezo ule haukuulizi mapema unakusudia nini. Unacheza, unakula, mwisho mnahesabu. Aliyefika 61 kashinda, na ubishi unaofuata ni wa kujifurahisha tu. Nilipojifunza briji, tayari mtu mzima, nikifanya kazi Mombasa, wingi wa kanuni zake haukunitisha. Kilichonisumbua ni kwamba briji hailipi ulichokipata. Inalipa ulichokiahidi.

Wa kulaumiwa ni Harold Vanderbilt, tajiri wa Kimarekani. Mwaka 1925, akiwa abiria katika meli iliyoitwa Finland, safarini kupita Mfereji wa Panama hadi Havana, aliupangia mchezo huu hesabu mpya za kuwachezesha wenzake melini. Katika briji ya zamani, ukila karibu kila kitu ulipewa zawadi yako hata kama mwanzoni ulijinyamazia. Vanderbilt, kwa kuiga mchezo mmoja wa Wafaransa, alitia sharti: zawadi kubwa ni ya aliyejitangaza kabla karata ya kwanza haijagusa meza. Miaka kama mia imepita na bado watu wazima wanakosa usingizi kwa ajili ya sharti hilo.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kwa ufupi. Watu wanne, wawili wawili, waliokabiliana ni kitu kimoja. Kila mtu ana karata 13. Kwanza kuna mnada: kila mmoja kwa zamu anataja aina ya karata na idadi, na anayepanda juu kuliko wote ndiye mwenye ahadi. Karata nne zinazotoka mezani kwa mzunguko mmoja, mshindi akazikusanya, nitaziita fungu. Mafungu ni 13. Ukitaja "shupaza nne" umeahidi mafungu kumi, sita ya msingi na manne uliyoyataja, na shupaza ndiyo turufu. Ahadi ya mafungu 12 ni slemu ndogo. Ya 13 yote ni slemu kubwa. Karata za mwenzako zinalazwa wazi mezani na wewe unachezea mikono yote miwili, kwa hiyo ukianguka, unaanguka mbele ya macho sita.

Mwenzangu wa mezani kwa miaka mingi alikuwa mama mmoja Mgoa, mwalimu mstaafu wa hesabu. Watu wote walimwita Mwalimu, na mimi sikuthubutu kumwita vingine. Alikuwa mtu wa maneno machache na kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri. Mkono nitakaousimulia ni wa mashindano ya timu, ambapo karata zile zile zinazochezwa meza moja hupelekwa chumba cha pili zikachezwa na watu wengine, halafu matokeo yakalinganishwa. Hapo bahati ya mgao haina kazi, maana wote wamepewa kitu kimoja.

Nilishika shupaza tano: ree, mfalme, ghulamu, 8 na 5. Kopa moja tu, 7. Uru tatu: mfalme, malkia na 6. Pau nne: ree, 10, 4 na 3. Kwa hesabu aliyoisambaza Milton Work na kuenezwa duniani na Charles Goren, ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Karata zote zina pointi 40. Mimi nilikuwa na 17. Nikafungua kwa shupaza moja, na Mwalimu akaruka moja kwa moja hadi shupaza tatu. Kwa makubaliano yetu, hiyo maana yake ni kwamba ana shupaza nne na pointi 10 hadi 12.

Hapa vitabu vya wanaoanza vina jibu tayari. Slemu ndogo, vinasema, inataka pointi 33 kati yenu wawili. Chukua 17, ongeza 12 za juu kabisa, unapata 29. Basi sema shupaza nne, mafungu kumi, kunywa chai yako. Sidhani kuna mtu angenilaumu.

Lakini zile 33 ni hesabu ya mikono mipana, isiyo na turufu, ambapo kila fungu lazima linunuliwe kwa karata kubwa. Ukiwa na turufu tisa kati yenu na kopa moja tu mkononi, swali linageuka. Huulizi tena tuna nguvu kiasi gani. Unauliza wapinzani watakula wapi. Nilijiuliza hivyo nikiwa nimeangalia karata zangu. Kwenye kopa watakula moja, isipokuwa Mwalimu awe na ree. Kwenye uru watakula moja, isipokuwa awe na ree. Kwenye pau, baada ya ree yangu, zinabaki tatu dhaifu. Kama Mwalimu ana pau mbili tu, nitapoteza moja na zilizobaki nitazikata kwa turufu zake. Ikiwa ree hizo mbili ziko kwake, slemu ipo, hata kama pointi hazijafika 30. Zikiwa haziko, haipo, hata kama ana pointi 12 kamili.

Nikasema pau nne. Turufu ikishakubaliwa, tamko kama hilo si la kutaka pau iwe turufu. Ni kumwambia mwenzako: hapa nina ree, nafikiria kupanda, wewe una nini? Mwalimu akasema uru nne. Ree ya uru, basi, iko kwake. Ndipo nikasema nne bila turufu, swali lililobuniwa katika miaka ya 1930 na Easley Blackwood, mtu wa bima wa Indianapolis: una ree ngapi? Akajibu kopa tano, yaani mbili. Zote nne zimehesabika. Shupaza sita.

Wakaanza na kopa. Mwalimu akalaza karata zake: shupaza malkia, 10, 9 na 4, kopa ree, 8, 6 na 3, uru ree, ghulamu na 4, pau 8 na 5. Pointi 11. Nilikula kopa kwa ree, nikala ree ya pau, nikawapa pau moja, wakarudisha turufu. Pau mbili zilizobaki nilizikata kwa shupaza kubwa za Mwalimu, na kwa kuwa shupaza yao ya juu kabisa ilikuwa 7, hakuna aliyeweza kunipita. Nikamaliza turufu zao, nikala uru tatu. Kumi na mbili.

Chumba cha pili walikula kumi na mbili vilevile. Ila walikuwa wameahidi kumi. Wao waliandika 480, sisi 980.

Sasa mpe Mwalimu pointi zile zile 11, lakini zikae pengine: shupaza malkia, 10, 9 na 4, kopa mfalme, malkia, ghulamu na 3, uru ghulamu, 8 na 4, pau malkia na 5. Ni 11 bila kupungua hata moja, na slemu imekufa. Ree ya kopa yao, ree ya uru yao. Ule utajiri wa kopa umemwagwa mbele ya kopa yangu moja, pesa iliyotolewa mahali ambapo hakuna deni. Ndiyo maana mchezaji anayeamua slemu kwa kujumlisha tu huwa anakosea pande zote mbili: anaziacha zilizopo na kuzitaja zisizokuwepo.

Jioni ile Mwalimu alichukua karatasi ya matokeo, akaigeuza, akanichorea hesabu ambayo imebaki kuwa somo kubwa zaidi nililolipata mezani. Tuchukue shupaza, upande usio hatarini. Hatarini ni hali ambayo zawadi kubwa na adhabu huongezwa, na hupangwa mapema kwa kila mkono. Ukiwa na mafungu 12 na uliahidi kumi, unapata 480. Ukiahidi 12, unapata 980. Faida ni 500. Yakipatikana 11 tu, wa kumi anapata 450, wa 12 anapoteza 50. Hasara ni 500. Ukiwa hatarini, ni 680 na 1430, faida 750. Na upande wa pili ni 650 na kutoa 100, hasara 750. Akachora mstari chini yake.

"Ona," akasema. "Ni sawa kwa sawa. Slemu ndogo ikiwa na nafasi zaidi ya nusu, unaitaja. Ikiwa chini ya nusu, huitaji. Hakuna kitu kingine hapo."

"Mbona basi watu wanaogopa, Mwalimu?"

"Kwa sababu moja ina kelele na nyingine haina."

Nililifikiria jibu hilo kwa miaka. Slemu iliyoanguka ina kelele kweli: mwenzako anakohoa, mpinzani anachukua kalamu kwa furaha, na kwenye karatasi unaandikiwa kwa upande wa hasara. Slemu ambayo hukuitaja haina mlio wowote. Umekula mafungu mawili zaidi ya ahadi yako, watu wanakwambia umecheza vizuri, unaenda nyumbani umeridhika. Hakuna aliyekuonyesha kwamba umepoteza zile zile 500. Ni wenzako wa chumba cha pili tu wanaojua, wakishaleta karatasi yao.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi ya mizigo bandarini, na nilianza kuona jambo lile lile huko. Zabuni tuliyoiomba tukaikosa iliitiwa kikao, ikaandikiwa ripoti, na mtu akaulizwa. Zabuni ambayo tungeipata lau tungeiomba haikuitiwa kikao hata siku moja. Mkuu wetu aliyependa kusema kwamba hajawahi kufanya kosa la kujaribu alisifiwa kwa uangalifu. Sisemi biashara ni karata. Biashara haina chumba cha pili cha kulinganishia, na hiyo ndiyo balaa yake.

Turudi kwenye swali la Blackwood, maana hapo ndipo wengi wanapojiumiza. Ni swali tamu. Linatoa jibu la wazi, lenye nambari, na mtu aliyeshika karata nzuri analitamka kabla hajafikiri. Mwalimu alikuwa na sharti moja: usiulize mpaka uwe unajua utafanya nini kwa kila jibu linaloweza kuja. Kwa mfano, una pau mbili dhaifu, 7 na 3, na hujui mwenzako ana nini huko. Unauliza, anakwambia ana ree mbili, jumla mna tatu kati ya nne. Umejua nini? Inawezekana ree iliyokosekana ni ya pau, na mfalme wake pia uko kwao, wakala mbili za kwanza kabla hujavuta pumzi. Idadi ya ree haikukwambia kitu ulichohitaji kukijua. Hapo dawa ni kutaja mahali ulipo na nguvu, polepole, kama nilivyofanya na pau nne, na kungoja kusikia kama mwenzako ataitaja au atairuka aina ile inayokutia hofu. Wataliano wa miaka ya 1960 waliujenga utawala wao wa briji ya dunia kwa sehemu kubwa juu ya subira ya namna hiyo.

Vivyo hivyo kama huna hata karata moja ya aina fulani. Mwenzako akikwambia ana ree moja, ni ipi? Ikiwa ni ya aina ile usiyokuwa nayo, haikusaidii sana. Ikiwa ni nyingine, ni dhahabu. Jibu halibagui. Na kama turufu yenu ni pau, jibu la uru tano tayari limeshaipita pau tano, na ngazi ya kushukia huna tena. Nimewahi kuona watu wazima wenye heshima zao wakijikuta kwenye slemu kwa sababu tu waliuliza swali wasiloweza kulirudisha nyuma.

Tulianguka, bila shaka. Nakumbuka kopa sita iliyosimama juu ya karata moja: mfalme wa uru. Mwalimu alikuwa na ree na malkia mezani, mfalme ulikuwa kwa mmoja wa wapinzani. Akiwa mbele ya malkia, unamvizia na kula. Akiwa nyuma, anakula yeye. Nusu kwa nusu. Akawa nyuma, na fungu lingine tulishalitoa. Mmoja wa wenzetu wa timu alipoona matokeo alishika kichwa. Mwalimu alimwangalia, kisha akaniambia mimi, "Mwanangu, usiandike hii kwenye makosa. Iandike kwenye hali ya hewa."

Wiki chache baadaye ikaja nyingine, ambayo ilinifundisha zaidi kwa sababu ilitimia. Aliyeitaja ni yeye. Ilihitaji mfalme awe mahali pake, na pia turufu tano za wapinzani zigawanyike tatu kwa mbili. Mgawanyiko huo hutokea mara 68 katika 100. Nusu ya 68 ni 34. Vyote viwili vikatokea, tukaandikiwa slemu, na wenzetu wakaja kumpongeza. Mwalimu alikuwa amekunja uso. "Theluthi moja," alisema, "nimeingia kwa theluthi moja," na hakunywa chai yake. Sijamwona mtu mwingine akikasirikia ushindi wake mwenyewe kwa dhati namna ile. Wengi wetu tunapima uamuzi kwa jinsi ulivyoisha. Yeye aliupima kwa kile kilichojulikana wakati wa kuutamka, na kilichokuja baadaye alikiacha kipite.

Slemu kubwa ni habari nyingine, na hapa ujasiri wa slemu ndogo lazima uwekwe kando. Sababu ni kwamba unapoahidi mafungu yote 13, tayari unacho kitu mkononi cha kupoteza. Kwa shupaza, upande usio hatarini, slemu ndogo yenye fungu la ziada ni 1010, slemu kubwa ni 1510: faida 500. Ukikosa moja, unatoka kwenye 980 uliyokuwa nayo hadi kutoa 50. Hasara ni 1030. Katika mashindano ya timu, tofauti hizo hubadilishwa kuwa pointi ndogo za timu, 11 kwa faida na 14 kwa hasara, kwa hiyo unahitaji nafasi ya kama 56 katika 100. Kwa karatasi tu. Mezani, wachezaji wazoefu hutaka zaidi ya hapo, maana huwezi kujua kama wale wa chumba cha pili wamefika hata kwenye slemu ndogo. Wakiwa wameishia shupaza nne, slemu yako ndogo tayari imeshinda mkono ule, na kuutupa kwa ajili ya fungu moja ni ulafi.

Anayetaka kuona jinsi hatima inavyocheka asome habari za fainali ya ubingwa wa dunia ya mwaka 1975, iliyochezwa Bermuda, Italia dhidi ya Amerika ya Kaskazini. Mkono wa 92 kati ya 96, Giorgio Belladonna na Benito Garozzo, pengine jozi bora kuliko zote za wakati wao, walielewana vibaya katika mnada na kujikuta kwenye pau saba huku mfalme wa turufu ukiwa kwa wapinzani. Wamarekani chumba cha pili waliishia slemu ndogo. Mfalme huo ulikuwa kwa Eddie Kantar, mahali ulipoweza kuviziwa, na kando yake 10 tu, hivyo ree ikauangusha. Slemu ikatimia, Italia ikachukua kombe. Ingeanguka, kombe lingekwenda upande wa pili. Watu husimulia mkono huo kama hadithi ya ushujaa. Belladonna mwenyewe, kwa yote yanayojulikana juu ya mnada ule, hakuwa na kitu cha kujisifia isipokuwa namna alivyoicheza bila kutetemeka. Ilikuwa slemu mbaya iliyozaa ubingwa, na ningependa kujua Mwalimu angesema nini lau angekuwa mwenzake.

Mwalimu amehamia Kanada kwa wanawe. Siku hizi nacheza na kijana wa benki, mwepesi wa kupanda kuliko mimi, na slemu zetu zinaanguka mara nyingi zaidi kuliko nilivyozoea. Tumekubaliana kwamba zikiacha kabisa kuanguka, tutajua tunataja chache mno. Kwa wewe unayecheza, au unayefikiria kuanza, nina ombi moja tu. Mkimaliza jioni yenu, msianze na mikono iliyoandikwa upande wa hasara. Hiyo itajisema yenyewe. Chukueni kalamu mtafute kila palipoandikwa 480, 490, 680 au 690, kisha muulizane, kila mmoja akitazama karata zake upya, ni nani kati yenu aliyekuwa na neno la kusema na hakulisema.